Herufi tatu za Tanavoli

Mhariri,

Kila mkimwandika Parviz Tanavoli, mchongaji sanamu wa Iran, mnaanza na bei: kwamba sanamu aliyoichonga iliuzwa Dubai mwaka 2008 kwa zaidi ya dola milioni 2.8. Sawa, ni fedha nyingi. Lakini mzee huyu, mzaliwa wa Tehran mwaka 1937, tangu miaka ya 1960 amekuwa akiliunda kwa sanamu neno moja la Kiajemi, heech, yaani "si kitu". Herufi tatu tu! Mara zimeegemea kiti, mara zimefungiwa tunduni. Masufi huzungumzia mja kujifuta mbele ya Mola. Tanavoli utupu huo kaupa kiwiliwili cha shaba, tena chenye shingo ya madaha. Tuandikieni habari za shingo hiyo.

Msomaji wenu