Kabla hujaagiza saruji

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na picha za lile ghala nimezikodolea macho mpaka nimezikariri. Hongereni kwa kulipata, na hongereni zaidi kwa kuwakatalia waliotaka libomolewe. Ila ule mpango mlioniandikia, wa kulipiga lipu ya saruji ndani na nje, kushusha dari ya jipsamu na kulikatakata vyumba vya ofisi, mimi sioni kama mtakuwa mmeliokoa. Nivumilie kidogo.

Nianze na ukuta, maana ndio unaoninyima raha. Kuna picha inayoonyesha lipu imevimba sehemu ya chini, na unga mweupe umetokeza. Mkandarasi wenu anasema lipu imechoka, ibanduliwe ipigwe saruji. Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini yakiwa yameibeba, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha hapo, nayo ikijikusanya inaisukuma lipu mpaka imeguke. Ukuta wa mawe na chokaa haukujengwa uzuie kila tone la maji. Ulijengwa uyaruhusu yatoke. Kuuziba kwa saruji ni sawa na kumvalisha mtu koti la plastiki kisha umtume akalime juani. Unyevu utazidi kupanda ukitafuta pa kutokea, hata ufikie ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, na boriti inayooza kichwani huigundui mpaka sakafu ianze kuyumba. Tena saruji haina subira: jengo likisogea kidogo, chokaa hufuatana nalo, saruji hupasuka. Mvua ikishaingia kwenye huo ufa, haina njia ya kurudi.

Kwa hiyo tafuteni kwanza maji yanatoka wapi. Tazameni gata, mitaro, na udongo uliorundikana nje kuupita usawa wa sakafu. Ukuta uachwe ukauke, hata kama ni miezi, ndipo mpige lipu ya chokaa na kupaka chokaa juu yake. Rangi za plastiki msiziguse.

Wala usidhani kosa hili ni la mafundi wa kubahatisha. Kule Athens, mwanzoni mwa karne ya 20, mawe ya Parthenon, lile hekalu la kale, yaliunganishwa kwa vyuma vitupu. Wagiriki wa kale nao walitumia chuma, lakini walikifunika kwa madini ya risasi. Hivi vipya vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru ileile vilivyowekwa kuishikilia. Imebidi mafundi wa zama zetu wavichomoe na kuweka titani, metali isiyoshika kutu, badala yake. Ndiyo maana nang'ang'ania kwamba chochote mtakachoongeza kiwe kinaweza kuondolewa siku moja bila kulijeruhi jengo.

Sasa hizo ofisi. Ghala lenu lina kitu kimoja cha thamani kuliko vyote, nao ni ule ukumbi mmoja mrefu wenye boriti wazi. Mkiukata vipande mtabaki na vyumba ambavyo mngevipata kwa bei nafuu katika jengo jipya. Stesheni ya Orsay, Paris, ilifunguliwa mwaka 1900, na kufikia 1939 majukwaa yake yalikuwa mafupi mno kwa treni ndefu za umeme. Ilinusurika kubomolewa ili ijengwe hoteli, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, paa lake kubwa la vioo likiwa bado linamwaga mwanga ndani. London nako, kituo cha umeme cha Bankside kilichofungwa 1981 kikawa jumba la sanaa la Tate Modern mwaka 2000, na ukumbi wa mitambo wakauacha mtupu, mkubwa vilevile. Watu wanakwenda pale kwa ajili ya ule utupu kama wanavyokwenda kwa ajili ya picha.

Kuna wanaothubutu zaidi. Cape Town walichonga katikati ya mapipa ya zege 42 ya kuhifadhia nafaka ili wapate ukumbi, na mwaka 2017 likafunguliwa jumba la sanaa. Ni pazuri, sikatai. Lakini zege lililokatwa halirudi, na mpaka leo nikiziona picha zake nafsi yangu hubishana.

Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema kulipa jengo kazi yenye manufaa kwa jamii kunasaidia kulihifadhi, mradi mpangilio wake usivurugwe. Mimi ningeweka maktaba, au karakana ya pamoja, ofisi chache zikae pembeni kwa vizuizi vya mbao visivyofika kwenye boriti. Lifti, vyoo na ngazi ya dharura viwekeni kwenye kibanda kipya nyuma, kionekane kipya wala kisijifanye cha zamani. Na hapo msisikilize wahafidhina wa kazi yetu ya kuhifadhi majengo, wapo wanaoona njia ya kiti cha magurudumu ni kufuru. Jengo lisiloingilika litafungwa tena, na likifungwa litaoza.

Mchoro wa vyumba msiutie saini kwanza. Mvua ikinyesha, piga picha za gata zikiwa zinamwaga, si baada ya kukatika. Kisha mwambie fundi afungue sehemu ndogo ya lipu pale boriti zinapoingia ukutani, achome mbao kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye sabuni, nipigie simu siku hiyohiyo.

Wasalimie wenzako wote.

Wako,
Swahiba