YAH: KREMU YENU YA "NYWELE ZISIZONYONYA MAJI"

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimetumia makopo 2 ya kremu yenu kwa wiki 6, na naandika kwa sababu kilichoandikwa juu ya kopo na kilichomo ndani havijuani.

Nywele zangu ni za asili na ni kaidi kwa maji. Nikisimama chini ya bomba, matone yanateleza juu yake kama umande kwenye jani la mgomba, mpaka nizibinyebinye kwa vidole ndipo zikubali kulowa. Zikishalowa nazo, kukauka ni kesho. Magamba ya nje ya unywele yamelala yakabanana, maji hayapati pa kupenya. Ndiyo maana nilipoyaona yale maneno kwenye kopo lenu nilishukuru kwamba hatimaye kuna aliyetukumbuka.

Wiki ya pili nilikwangua unywele mmoja kwa ukucha. Ukatoka utando mweupe, mzito kama nta ya mshumaa, na chini yake unywele mkavu kama bua. Kremu yote niliyopaka ilikuwa imekaa juu inangoja. Foronya ililowa mafuta, ncha zikaanza kukatika.

Hapo ndipo nilipovaa miwani nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Kwenu, baada ya maji tu, inakuja siagi ya shea, kisha mafuta ya nyonyo, mafuta ya mgando na protini ya ngano. Glisirini, ambayo ndiyo ingevuta maji, imesukumwa mkiani kabisa, nyuma ya manukato! Sisemi vitu hivyo ni vibaya. Dada yangu, ambaye nywele zake zimechoshwa na dawa na rangi, anavipenda, maana zake hupoteza unyevu upesi na zinahitaji kufunikwa. Zangu mlango ulikuwa umefungwa tayari, ninyi mkaongeza kufuli. Na hiyo protini ilizikakamaza kama ufagio.

Maelekezo nayo yanasema: "Paka kwenye nywele kavu asubuhi na jioni." Kavu! Maji na joto, vitu viwili ambavyo nywele za aina hii huvihitaji kuliko vyote, havikutajwa hata mara moja. Nilipowapigia simu, aliyepokea aliniambia, kwa upole kabisa, "Ongeza kiasi, dada." Nikaongeza. Kopo la pili lilinunuliwa kwa ushauri huo.

Halafu kuna lile jaribio mlilochora kwenye mfuniko: tia unywele kwenye glasi ya maji, ukielea, kremu hii ni yako. Nilitia wangu na wa dada yangu. Zote zikaelea. Unywele mwepesi wenye mafuta kidogo huelea tu juu ya maji, uwe unanyonya au haunyonyi. Kwa kipimo hicho kila mtu ni mteja wenu, na sitaki kuamini kwamba ndilo lililokuwa lengo.

Nilichofanya baadaye ni kuziosha mara mbili kwa shampuu ya kuondoa mabaki, nikapaka kondishena nyepesi nywele zikiwa zimelowa maji ya uvuguvugu, nikavaa kofia ya plastiki na juu yake taulo lililokamuliwa kwenye maji ya moto, dakika 20. Kisha matone machache ya mafuta ya jojoba, basi. Safari ya tatu ya kuosha, nywele zilikuwa laini tena. Zilizokatika, ndiyo hivyo, zimekwenda.

Naomba mnirudishie fedha za makopo yote mawili. Naomba pia lile jaribio la glasi liondolewe, na ama mbadilishe viambato au mfute maneno "kwa nywele zisizonyonya maji", kwa sababu kopo hilo lina wateja wake halali na mimi si mmoja wao. Nimeambatanisha picha za lebo, foronya na risiti.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tafadhali msinitumie kopo la bure kama pole.

Wenu,
Mteja