Mkichapisha picha ya mgonjwa, chapisheni na hesabu

Kwa Mhariri,

Mimi nauza magauni ya mitumba Gikomba, na kazi hii imenionyesha kwamba mteja hununua kwa moyo; sababu za kununua atazitafuta akifika nyumbani. Bale ikifunguliwa, kina mama hung'ang'ania gauni kwa kuwa tu mwingine ameligusa. Mwenye shaka namwambia, "Jaribu tu dadangu, kujaribu si kununua." Akishalivaa na kujigeuza mbele ya kioo, zile mia sita alizoziita wizi anazitoa bila maneno. Sioni haya kuyasema. Gauni anaondoka nalo, na zipu ikikwama anajua kibanda changu kilipo.

Anayemchangia mgonjwa pesa za matibabu haondoki na kitu cha kukagua, na hilo ndilo limenifanya niandike.

Kuna mzee hapa ploti kwetu ambaye husafishwa damu hospitalini kila wiki. Jamaa zake walituma picha yake kwenye kundi letu la WhatsApp: kofia kichwani, uso mkavu, hana hata dalili ya kumliza mtu. Alijibiwa kwa viganja vya maombi na "Mungu amponye". Siku chache baadaye ikaja picha ya mtoto mwenye mipira puani. Kufikia jioni, jumbe za M-Pesa zilikuwa zimejaa kundini, na hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha utafiti ambapo watu walipewa dola 5 na kuombwa wachangie wanachotaka. Waliosoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 kutoka Mali, walitoa takriban maradufu ya waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa pungufu kuliko waliopewa Rokia peke yake! Yaani hesabu ilipoza huruma.

Siibezi huruma. Picha za njaa ya Turkana mwaka 2011 ndizo zilizowafanya Wakenya wengi watume pesa kwa simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Lakini gazeti linapochapisha mtoto mgonjwa na nambari ya Paybill, lituambie pia kinachohitajika ni kiasi gani, kimefika wapi na nani anashika akaunti. Kisha mrudi kutueleza kama alitibiwa, na salio, kama lipo, limekwenda wapi. Likibaki, kwa nini asipewe mzee wa kofia?

Msiniambie nafasi ya gazeti ni ghali. Jedwali la ligi ya Uingereza halijawahi kukosa pa kukaa.

Muuza mitumba,
Gikomba, Nairobi