Shukrani kwa dada aliyetufungulia njia ya soko la mbao

Dada yetu, uliomba nisikutaje jina na sitakutaja. Ila sisi wapanda miti wa Sengerema hatuwezi kukaa kimya.

Misonobari yetu tulikuwa tunawauzia madalali wanaokuja na bei yao. Cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimetoka kwenye msitu unaotunzwa vizuri, tulikisikia tu, tukaamini ni cha makampuni makubwa. Wewe ndiye uliyetueleza cheti cha kundi: wakulima wadogo wanaungana chini ya msimamizi mmoja na kugawana gharama za ukaguzi. Ukatupa mfano wa Kilwa, ambako misitu ya vijiji ilipata cheti hicho mwaka 2009. Watu wa kijijini kama sisi! Mzee mmoja alikuomba urudie.

Na hukuishia kwenye maneno. Ulitupigia mistari ya daftari kwa mkono wako: kila gogo na namba yake, namba hiyohiyo kwenye kisiki, kisha kwenye stakabadhi, mpaka mbao zinapomfikia mnunuzi. Ukasisitiza kwamba mbao zikipita kwa mpasuaji asiye ndani ya mfumo huo, haziwezi tena kuuzwa kama zenye cheti, hata kama shamba linacho. Hilo hakuna aliyewahi kutuambia, na ndilo lingetuumiza zaidi.

Kisha ukatupeleka Mwanza mjini, kwa mafundi samani wa Nyakato, ukakaa pembeni tuzungumze bei wenyewe.

Ukaguzi bado, lakini daftari linajazwa kila gogo linapoanguka. Wabeja sana, dada. Karibu tena Sengerema, akina mama wa kikundi wameshasema sato wako yupo.