Shoga yangu, andika barua ya kujitoa leo

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba shemeji amepumzika hadi maumivu ya mgongo yamepungua. Habari nyingine zote nitakujibu siku nyingine. Leo nina jambo moja tu: ile wiki ya kila mwaka mliyonunua pale hotelini, hiyo taimushea, yaani haki ya kutumia chumba wiki moja kila mwaka. Naomba usome aya mbili zinazofuata ukiwa na mkataba mkononi.

Umesema mlisaini Jumamosi. Basi tafuta kipengele kinachohusu kujitoa au kufuta mkataba. Angalia kurasa za mwisho karibu na sahihi zenu, au karatasi ya peke yake iliyobanwa nyuma ya faili. Sehemu nyingi sheria inampa mnunuzi wa vitu hivi siku chache za kubadili mawazo, bila kutoa sababu na bila faini. Katika Umoja wa Ulaya ni siku 14, kwa sheria ya mwaka 2008, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi hata kupokea malipo ya awali. Florida ni siku 10. Mexico ni siku 5 za kazi. Usihesabu kwa sheria ya mnakoishi. Soma mkataba unataja sheria ya wapi, kwa sababu mara nyingi ni ya mahali hoteli ilipo. Na usisubiri siku ya mwisho.

Barua yenyewe haihitaji maelezo. Majina yenu wote wawili kama yalivyoandikwa kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe mliyosaini, halafu: "Tunajitoa katika mkataba huu na tunaomba kurudishiwa fedha zote tulizolipa." Sainini wote. Itume kwa njia ile ile inayotajwa kwenye kipengele, kwa anwani ile ile. Wakisema barua ya rejesta, iwe ya rejesta. Piga picha ya barua, tunza risiti ya posta. Ukipiga simu peke yake haitoshi. Utaunganishwa na mtu mpole sana atakayekuomba msubiri wiki ijayo awapangie kitu kizuri zaidi, na wiki ijayo muda utakuwa umekwisha.

Sasa nikueleze kwa nini nimekukatiza furaha hivi.

Ulipoandika kwamba mliitwa kusikiliza maelezo ya saa moja na nusu mkatoka alasiri, kwamba bei ilishuka kila mliposema hapana, na kwamba meneja mwenyewe alikuja mezani na bei "ya leo tu", niliutambua mpangilio wote. Ndivyo bidhaa hii inavyouzwa karibu kila mahali. Muuzaji wa kwanza anawachangamkia na kuwauliza likizo mnayoiota. Wa pili anakuja mkishachoka. Wa tatu anakuja na kalamu. Msijilaumu hata kidogo. Watu makini wanasaini, mawakili wanasaini. Ukumbi ule umepangwa ili mtu asipate nafasi ya kwenda kulala nyumbani na kufikiri, na ndiyo maana wabunge wa nchi mbalimbali wakaona lazima wampe nafasi hiyo baadaye kwa sheria. Itumieni.

Bei mliyotajiwa ni sehemu tu ya gharama. Niruhusu nikupe hesabu ya mfano kwa dola, kwa kuwa Marekani ndiko kwenye soko kubwa zaidi na viwango vyake vinajulikana: huko wiki moja huuzwa kwa wastani unaozidi dola 20,000, na ada ya matengenezo ya mwaka ina wastani unaozidi dola 1,000. Tuseme umekopa hizo 20,000 kwa muuzaji mwenyewe, kwa riba ya asilimia 15, kwa miaka 10. Riba ya namna hiyo ni ya kawaida kwenye mikopo yao. Utamaliza kulipa ukiwa umetoa kama dola 38,700. Sasa chukua ada ya 1,000 na uiongeze asilimia 5 kila mwaka. Mwaka wa 16 unafika zaidi ya 2,000, na jumla ya ada za miaka 15 ya kwanza ni karibu 21,600, yaani zaidi ya bei mliyonunulia. Jumlisha vyote, gawanya kwa likizo 15: kila wiki imekugharimu zaidi ya dola 4,000, kabla ya nauli na kabla hujala chochote. Na hapo nimechukulia kwamba mtakwenda kila mwaka bila kukosa, hakuna kuugua, hakuna msiba, hakuna mwaka wa ukata.

Na ile ada haina kikomo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kwa ajili yenu. Mkopo una mwisho. Ada ya matengenezo inapangwa upya kila mwaka na watu ambao ninyi hamuwachagui kwa maana halisi, na mkikaa nyumbani mnailipa vilevile.

Nimeiona kwa macho yangu. Baba mdogo, ambaye unamkumbuka, alikuwa na wiki yake kwenye hoteli ya ufukweni, aliyoinunua zamani akiwa bado na nguvu. Alipofariki, mama mdogo aliniletea faili nimsaidie kuangalia. Marehemu alikuwa mtu wa mpangilio: karatasi moja kwa kila mwaka, na juu ya kila moja ameandika kwa wino wa bluu "imelipwa" pamoja na tarehe. Karatasi za mwanzo zina mstari mmoja, ada ya matengenezo. Baadaye umeongezeka mstari wa mfuko wa akiba. Halafu kodi ya majengo. Mwaka ambao dhoruba iliezua paa, kuna mstari unaoitwa mchango maalumu, na kiasi chake kilikuwa kikubwa kuliko ada yenyewe. Bima haikutosha, kwa hiyo wenye wiki wakagawiwa deni. Hakuna aliyewauliza kama wanazo. Miaka yake ya mwisho hakuweza kusafiri, wewe mwenyewe ulikuja kumwona. Zile karatasi nazo zimeandikwa "imelipwa", kwa mwandiko uliokuwa umeanza kutetemeka.

Baada ya mazishi ikaja ankara nyingine, safari hii kwa jina la "warithi wa marehemu". Turudi kwenye mkataba wako, shoga yangu. Tafuta maneno kama "na warithi wake" au "milele". Mikataba mingi ya zamani haikuwa na mwisho kabisa. Hispania waliliona hilo: sheria yao ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na kuanzia mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba mikataba isiyo na mwisho iliyosainiwa baada ya sheria hiyo ni batili, na watu wengi wakapata mlango wa kutokea. Kwingine mlango huo haupo. Mama mdogo aliokoka kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye mkataba, na wakili akatushauri tuikatae ile mali kwa maandishi mapema, kabla mtu yeyote wa familia hajaitumia wala kulipa chochote. Tukakataa. Lakini ninyi mmesaini wote wawili. Na uliniandikia kwamba shemeji anataka kuongeza majina ya watoto ili wapate urithi. Nakuomba sana, hilo msilifanye. Watoto watakuwa wamerithi ankara kabla hawajaanza kazi.

Najua shemeji atasema, tukichoka tutauza. Ndivyo walivyowaambia mezani, nina hakika. Lakini mtu anayeuza wiki yake ya hoteli anashindana na hoteli yenyewe, yenye zawadi, ukumbi na wauzaji wanaolipwa kamisheni, na sehemu kubwa ya bei mliyolipa ilikwenda huko huko kwenye gharama za kuwavuta wanunuzi. Mkishasaini, sehemu hiyo imeyeyuka. Ukiingia kwenye masoko ya mtandaoni utakuta wiki zinatangazwa kwa dola 1, na hata hapo hazipati mtu, kwa sababu anayechukua anabeba ada. Kitu kinachotolewa bure na bado hakichukuliki hakiwezi kuitwa akiba ya watoto.

Kuhusu kubadilishana wiki yenu na hoteli za nchi nyingine, hilo lipo kweli. Kampuni za kazi hiyo ni za siku nyingi, RCI kwa mfano ilianzishwa mwaka 1974. Ila kuna ada ya uanachama na ada ya kila ubadilishaji, juu ya ile ya matengenezo, na mwenye wiki ya msimu mbaya hapati chumba cha msimu mzuri kirahisi. Ninyi wiki yenu mmeuziwa kwa pointi, yaani alama mnazotumia kulipia chumba, kwa hiyo angalia mkataba unasema nini kuhusu idadi ya pointi zinazohitajika kwa wiki moja. Mara nyingi kampuni imejiachia haki ya kuzipandisha. Likizo za shule kila mtu anazitaka, na anayewahi kuomba ndiye anayepata.

Jambo jingine, na hili uliweke kichwani hata mkifanikiwa kujitoa. Majina ya wenye wiki huwa yanazunguka. Utapigiwa simu na mtu anayejua jina lako na hoteli yako, atasema ana mnunuzi tayari, au kampuni yake inaweza kuwatoa kwenye mkataba, ila mlipe kwanza kodi au gharama za uhamisho. Usitume hata senti. Mwaka 2022 tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, ilifungua kesi dhidi ya kundi la kampuni ikisema lilijipatia zaidi ya dola milioni 90 kwa ahadi za kuwatoa watu kwenye taimushea, na wengi wa waliolipa walikuwa wazee. Mwaka uliofuata Wizara ya Fedha ya nchi hiyo iliwawekea vikwazo watu na kampuni zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco, huko Mexico, kwa utapeli huo huo karibu na Puerto Vallarta. Wanaotapeliwa ni watu ambao tayari wameumizwa mara moja.

Nimefikiria sana ulichoandika kuhusu shemeji, kwamba tangu mfunge ndoa hajawahi kuchukua likizo bila kulazimishwa, na kwamba ukaona ukishalipia wiki atalazimika kwenda. Nia hiyo ni njema na sitaki uiache. Wiki ile ile, chumba kile kile, mnaweza kukodi mwaka mnaotaka. Waulizeni wenye wiki wanaoshindwa kwenda. Wengi wanakodisha kwa kiasi cha ada yao tu, maana wanachotafuta ni kutopata hasara. Fungua akaunti ya peke yake, weka humo kila mwezi kile mlichokuwa mlipe kwenye mkopo, na mweleze shemeji kwamba fedha hizo ni za safari. Mkiugua mwaka huo, zinabaki zenu.

Ikiwa utagundua siku zimeshapita, usilaze damu na pia usikate tamaa. Msiache kulipa kimyakimya, kwa sababu wanaweza kupeleka deni kwa wakusanya madeni na kuwaharibia sifa ya mikopo. Andikieni kampuni yenyewe kuuliza kama ina utaratibu wa kupokea wiki zinazorudishwa. Baadhi wanao, hasa mkopo ukiwa umemalizika. Mpelekee wakili mkataba pamoja na kila karatasi mliyopewa mezani, hata yale makaratasi ambayo muuzaji alichorea hesabu kwa mkono. Na leo hii, kabla hujasahau, kaeni wawili mwandike mlichoahidiwa kwa mdomo: nani alisema, alisema nini, saa ngapi. Yakihitajika baadaye, yatakuwa bado mabichi.

Nitumie picha za kurasa zote usiku huu, hata kama hazisomeki vizuri, tuzisome pamoja kwenye simu. Posta nenda kesho asubuhi. Mwambie shemeji nampa pole ya mgongo, na kwamba akitaka kunigombeza kwa barua hii anipigie, nitamsikiliza hadi amalize, halafu tutaendelea na hesabu.

Akupendaye,
shoga yako