Kadi inasema amepona, pumzi inakataa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika kwenye ukurasa huu kwamba tafiti za vyuo vyetu zinaishia kabatini, na kwamba pesa zake zingefaa zaidi kununulia dawa. Nusu ya maneno yake naiunga mkono. Nusu ya pili nashindwa kuinyamazia, maana nimekaa kliniki ya TB miaka 27, na hizo dawa anazozitaka ni watafiti waliotuletea.

Majaribio yaliyoanza 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa kushirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ndiyo yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6. Kabla ya hapo mgonjwa alidungwa na kumeza vidonge mwaka mzima na zaidi. Nani anavumilia mwaka mzima? Mwezi wa pili kikohozi kimetulia, mvua zimeanza, mtu anachukua jembe lake anakwenda shamba.

Na dawa nzuri peke yake haikutosha. Mwaka 1977 serikali yetu ya Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, alikuja kushirikiana nao daktari mmoja wa Chekoslovakia, Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliugua TB alipokuwa mfungwa kwenye kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Kazi kubwa iliyofanywa na mpango ule ilikuwa ya rejista. Wote walioanza dozi katika robo moja ya mwaka wanahesabiwa pamoja, na mwisho kila mmoja anaandikiwa hatima yake: amepona, amemaliza dawa, amekufa, amehama, mtoro. Hakuna anayeachwa njiani bila jibu. Nilipoanza kazi dozi yetu ilikuwa miezi 8, miwili ya kwanza mgonjwa amelazwa tukimwona akimeza kwa macho yetu, na rejista ile nimeijaza hadi kidole kikaota sugu. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo, likaupa jina la DOTS na kuusambaza nchi nyingine. Dunia ilijifunza kuhesabu wagonjwa kwetu, kwenye vitabu vya mistari vilivyochafuka wino.

Nisisahau panya buku wetu hapa Morogoro, waliofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa makohozi. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na wamewaibua wagonjwa ambao hadubini za kliniki ziliwaruka. Watu walicheka sana mwanzoni. Mimi pia nilicheka.

Sasa nieleze la foleni, maana ndilo lililonifanya niamini.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu alikuja binti wa chuo kikuu, anasomea mambo ya uendeshaji wa kazi, udaktari hata haujui. Akaketi kwenye benchi letu na saa ya mkononi na daftari la kurasa 96. Siku tatu haongei. Tukajua huyu ametumwa na wakubwa. Siku ya nne nikamletea chai, ndipo akaniambia: "Shikamoo mama, naomba uhesabu waliokaa." Nikahesabu, watu 60. Kwa saa moja walikuwa wanatoka 20. "Basi anayeingia sasa hivi atakaa saa 3," akasema. Nikamjibu kwamba hilo hata mama ntilie analijua. Akacheka, akasema ni kweli, lakini aliyelithibitisha kwa hesabu ni Mmarekani John Little, mwaka 1961, na kwamba ukishalijua unaacha kulaumu wingi wa watu, unaanza kutafuta kinachowashikilia.

Akanionyesha daftari. Mgonjwa wangu alikaa na mimi dakika 4. Muda uliobaki alikuwa anasubiri faili. Karani wa masijala alianza kulitafuta baada ya mtu kufika, wakati tarehe ya kurudi tuliiandika sisi wenyewe mwezi mzima nyuma! Miaka yote hiyo nilikuwa naomba niongezewe muuguzi. Binti akashauri mafaili ya kesho yatolewe leo jioni, na wanaofuata vidonge tu wapewe dirisha lao. Hatukununua hata peni. Wiki ya pili benchi lilikuwa tupu kufikia saa 4 asubuhi, tulizoea saa 7 mchana.

Wasiofanya kazi hii wanaweza kuona ni jambo la starehe ya wagonjwa. Sivyo. Korido ile ilikuwa nyembamba, madirisha upande mmoja, na humo humo walikaa wanaokohoa ambao bado hawajapimwa, pamoja na akina mama waliobeba watoto. TB husafiri kwa hewa. Kila saa uliyoipunguza kwenye lile benchi ni saa ambayo mtoto hakuvuta hewa ya mgonjwa. Hesabu za foleni zilifanya kazi ya dawa, nami sikuwa nimewahi kuliwaza hivyo.

Binti akapata digrii yake. Sisi hatukupata hata nakala. Karani akahamishwa, aliyekuja hakukuta karatasi yoyote inayomweleza kwa nini mafaili yanatolewa jioni, akarudi kuyatafuta asubuhi. Hapo ndipo msomaji wako ana haki yake yote. Matokeo yalipelekwa kwa wasahihishaji, hayakurudi kwa wenye benchi.

Kilichonisukuma hasa kuandika, Mhariri, ni mama mmoja muuza maandazi. Alimaliza dozi vizuri, makohozi yakawa safi, nikamwandikia "amepona" kwa mkono wangu. Baada ya miezi mitatu nikamkuta njiani na ndoo ya unga. Kutoka sokoni hadi kwake ni mwendo wa nyimbo mbili za redio, na alisimama mara tatu, mkono kiunoni, mdomo wazi kama samaki. Akarudi hospitali, picha ya kifua ikaonyesha makovu, wakamwanzishia dawa za TB upya. Mwaka uliofuata tena. Kumbe mapafu yaliyowahi kuugua hubaki na makovu hata vijidudu vikiisha, na hata mashine ya jeni, ile inayotafuta chembe za urithi za vijidudu kwenye makohozi, inaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokufa kwa mtu aliyekwisha kutibiwa. Rejista ile ile niliyoisifu hapo juu inaishia siku ya kidonge cha mwisho. Haina mahali pa kuandika kwamba mtu amepona TB lakini hawezi kupanda kilima.

Hili nalo wameshalipima wengine. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuatilia watu wazima 405 waliomaliza dozi, na zaidi ya theluthi walikuwa na kasoro kwenye kipimo cha kupuliza pumzi. Wilaya ya Masindi, Uganda, utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta watu 16 hivi katika kila 100 wa zaidi ya miaka 30 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wakiwemo wa miaka 30 na kitu, na karibu wote wanaishi na moshi wa kuni. Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huo nafasi ya tatu kwa kuua duniani mwaka 2019, watu milioni 3.23. Kwetu mtaani jina lake ni "kifua" tu, au pumu ya uzeeni.

Na si kila utafiti unaleta habari njema. Malawi hao hao, kule Chikhwawa, na Karonga iliyo ng'ambo ya mto Songwe ukitokea Kyela, waligawa majiko yanayotoa moshi mchache, wakafuatilia watoto 10,750. Nimonia haikupungua. Jiko lilibadilika, lakini kuna moshi wa takataka, wa kibatari, wa jirani. Wakaichapisha habari hiyo mbaya mwaka 2017 bila kuificha. Mimi hilo naliheshimu kuliko semina kumi za majiko banifu, maana limetuzuia kudhani kazi imekwisha.

Kuna lililoleta nafuu pia. Kampala waliwachukua watu ambao TB iliwaachia mapafu mabovu, wakawafanyisha mazoezi na kuwafundisha namna ya kupumua, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Walitoka wakitembea mbali zaidi. Mazoezi, Mhariri. Viti, ngazi, chupa za maji za kunyanyua.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo, la hesabu, la uendeshaji na la tiba kwa pamoja: njooni muanzie kwenye rejista. Ongezeni safu moja baada ya neno "amepona". Siku ya kidonge cha mwisho mgonjwa atembee dakika 6 kwenye njia ya mita 30, kwenda na kurudi, muuguzi ahesabu mizunguko na kuandika mita. Kipimo hicho hakisemi ugonjwa ni upi, ila kinamtaja nani apelekwe kupuliza mashine badala ya kurudishiwa vidonge. Mwenye hesabu za foleni atuambie dakika hizo 6 zikae wapi bila benchi kujaa tena. Na matokeo, ukurasa mmoja wa Kiswahili, yabandikwe ukutani masijala kabla ya mtu kuvaa joho.

Muuza maandazi bado yupo. Siku hizi unga anabebewa na mjukuu. Wiki iliyopita nilipita pale kliniki kuwasalimu vijana, nikaipima ile korido kwa hatua zangu. Mita 30 zinatosha, wakiliondoa lile kabati la mafaili mlangoni.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro