Kwa mdogo wangu, kuhusu hao vijana wanaotaka kujifunza renda

Mdogo wangu, salama?

Meseji yako niliiona. Kimya chote kile, hata Idi hukunisalimia, afu unaibuka usiku kuniuliza dada kuna madogo wawili huku wanataka kujifunza kurenda nyumba, yaani kutengeneza kwa kompyuta picha ya nyumba kama imeshajengwa, waanzie wapi. Sikukujibu siku ile manake nilikuwa na hasira na nilikuwa nimefurahi, vyote kwa pamoja, nikaona nikijibu kwenye simu nitaandika maneno ya kukata undugu. Bora niandike hapa wasome na wengine, wanaoniuliza swali hilohilo ni wengi.

Programu kwanza, najua ndo watakaloanza nalo. Wasipoteze usingizi. Blender ni ya bure na si ya wizi, ilifunguliwa kwa wote mwaka 2002 baada ya Ton Roosendaal, mwanzilishi wake, kuchangisha watu euro laki moja kuikomboa kutoka kwa wawekezaji. Aliyezoea kuchora kwenye SketchUp achore humohumo. V-Ray, Lumion, Twinmotion, zote zinatoa picha nzuri mikononi mwa mtu anayejua kutazama, na asiyejua kutazama hata umpe mashine ya mamilioni atatoa nyumba zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Ram ya GB 16 inatosha kuanzia, kadi ya grafiki ikiwepo raha, isipokuwepo waanze na picha ndogondogo. We mwenyewe ulianza na ile laptopu yangu tuliyokuwa tunaipepea na feni ya mezani, na ulikuwa unatoa vitu ambavyo mi naamka usiku kwenda kuviangalia tena. Hilo sijawahi kukwambia. Una jicho. Ndo maana inaniuma mpaka leo.

Waambie wiki za mwanzo wasishushe modeli yoyote ya villa. Wachukue chumba wanacholala, na futi mkononi, wapime kila kitu. Mlango sentimita 90 kwa 210, tofali la inchi sita lina milimita 450 kwa 230 kwa 150, kina cha dirisha, unene wa fremu, grili iko mbele ya kioo au nyuma. Picha nyingi za wanaoanza zinakataa kwa sababu ya vipimo, jicho linajua kuna kitu hakipo sawa kabla kichwa hakijajua ni nini, tofali limekuwa kubwa kama ndoo, swichi ya taa ipo usawa wa kiuno. Na kona za vitu wazipunguze makali, milimita mbili tatu tu, hakuna meza duniani yenye kona kali kama wembe, ile kona iliyoviringwa kidogo ndo inayoshika mwanga na kukwambia hiki ni kitu kweli.

Wakimaliza kuchora, rangi bado. Kila kitu kijivu, jua moja, dirisha limefunguliwa, wakae hapo siku kadhaa na mwanga peke yake. Afu wapige picha ya chumba chenyewe kwa simu, saa kumi jioni, waiweke pembeni ya renda yao wafananishe. Kwa nini pale chini ya kitanda kwenye picha ya simu kuna weusi laini na kwao kumetoka weusi wa lami? Kwa nini ukuta karibu na zulia jekundu umeshika wekundu kidogo? Mwanga unagonga kitu unachukua rangi yake unaenda kugonga kingine, ndo ile hesabu aliyoiandika James Kajiya mwaka 1986 na mpaka leo injini za kutolea picha kama Cycles ya Blender zinafanya hiyohiyo, zinafuatilia miale inavyodunda. Sasa mtu akipaka ukuta mweupe wa asilimia mia, mwale unadunda bila kupungua na chumba kinakosa uhai. Chokaa nyeupe iliyotoka kupakwa jana hairudishi mwanga wote. Weupe wauweke 0.8, yaani asilimia themanini, wasipande hapo. Na nyeusi isiwe sifuri.

Tuje kwenye jua.

Nilijiambia nitaandika barua nzima nisifike hapa. Lakini huwezi kumfundisha mtu renda ukaliruka jua, na mi siwezi kulitaja jua nikaacha kumkumbuka Ba'mkubwa kwenye kile kiti.

Unakumbuka alivyoishika simu yako siku ulipomwonyesha renda ya nyumba aliyokuwa anataka kujenga. Kwa mikono miwili, ameisogeza mbali, jicho lile alilofanyiwa upasuaji analikunja. Sote tumekaa kimya, mama mkubwa kasimama mlangoni na kanga mdomoni. Picha ilikuwa nzuri, sijawahi kukataa, mawingu ya dhahabu, maji ya ghuba yamewaka, na jua linazama kulekule mbele ya baraza. Mzee akaangalia weee, akauliza taratibu, hili jua limetokea wapi, mi nimefanya kazi bandarini ujana wangu wote sijaona jua likazama upande ule. Na ni kweli, nyumba inatazama kaskazini. Jua la Tanga hata mwezi wa sita, likienda kaskazini mpaka mwisho wake, linazama digrii kama 23 tu kutoka magharibi kamili. We ulichukua picha ya anga, HDRI ya nchi nyingine, ukaizungusha mpaka ikapendeza.

Ukacheka. Ukamwambia, aah mzee, ni picha tu.

Akakurudishia simu. Haya baba, akasema, na hakuuliza tena.

We ulijua alitaka kuuliza nini? Mi nilikuwa nimemsikia wiki nzima. Alikuwa haogopi nyumba, alikuwa anaogopa mwanga, lile jicho lilikuwa halitaki kabisa jua la kuchoma, na kwake baraza ndo nyumba yenyewe, vyumba vya ndani ni pa kulala tu. Alitaka kujua mwezi wa sita, wa saba, saa sita mchana, atakaa wapi. Tanga tupo nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, watu wanadhani basi jua lipo utosini mwaka mzima, hapana. Disemba saa sita linakuwa upande wa kusini, juu sana, digrii kama 72, baraza la kaskazini lina kivuli safi kabisa. Juni linahamia kaskazini na linashuka mpaka digrii kama 61, linaingia moja kwa moja barazani. Bati kwenye picha yako lilitoka nje ya ukuta sentimita 60. Piga hesabu, kivuli chake kinashuka mita moja na kidogo tu kwenye ukuta wa mita 2.7, yaani mtu aliyekaa kwenye kiti jua linampata usoni mpaka miguuni. Lingetoka mita moja na nusu, ukuta wote unafunikwa. Na hii si elimu ya chuo kikuu, Blender ina kiongezeo cha nafasi ya jua, unaandika latitudo 5.07 kusini, longitudo 39.1 mashariki, tarehe, saa, basi, jua linakaa linapokaa. Nilikufundisha mimi, kwenye mkeka, umeme umekatika tunamalizia chaji.

Fundi akaishika ile picha kama ramani. Mzee akaondoka nyumba haijaezekwa, na mama mkubwa akagoma lisibadilishwe hata bati moja, mzee aliikubali hii, iwe hii. Juni hii nimeenda kumsalimia nikamkuta kahamishia mkeka ukumbini, saa sita barazani hakukaliki.

Kwa hiyo hao vijana, kabla hujawaonyesha kitufe chochote, waulize nyumba inatazama wapi.

Mengine nitayapitisha haraka. Kamera usawa wa macho ya mtu, mita 1.6, lenzi ya milimita 24 mpaka 35, na iwe imelala sawa ili kuta zisimame wima, wakitaka kuonyesha juu zaidi wasogeze lenzi kwa ile seti ya kamera inayoitwa shifti, wasielekeze kamera juu. Namba ya kupinda mwanga, kioo 1.5, maji 1.33, wasibuni. Taa za ndani 2700 mpaka 3000 kelvini kwa mwanga wa njano wa sebuleni, 6500 ni zile nyeupe za dukani, wachague wakijua wanachagua nini. Chenga kwenye picha zisiwatie hofu ila wajue bei yake, ukitaka zipungue nusu, sampo, yaani miale inayopimwa kwa kila nukta ya picha, zinaongezeka mara nne, kwa hiyo mwenye mashine ndogo asing'ang'anie sampo 4096 za kwenye seti ya mwanzo, mia tatu au mia tano na kiondoa chenga zinatosha kwa picha ya mazoezi.

Kwenye tekscha, zile picha za kuvalisha kuta na vitu, hapa nisikilize, manake hapa ndo kwetu. Tovuti ya Poly Haven wana tekscha na anga za bure kabisa, unatumia hata kwenye kazi ya kulipwa, lakini ukuta wa Ngamiani hapa Tanga hutaupata kule. Watoke na simu wapige wenyewe, siku ya mawingu ili kivuli kisiingie kwenye picha. Ukuta wetu chini una mstari wa udongo mwekundu uliorushwa na mvua za masika. Grili karibu na bahari inalia kutu, na kutu inateremka kwenye rangi. Bati la msauzi halirudishi mwanga sawa na kigae. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hazina ukuta ulionyooka hata mmoja, zimevimba hapa zimebonyea pale, weka mwanga wa ubavuni utaona. Na miti, jamani, kila renda ninayotumiwa ina mti wa majani mekundu ya vuli ya Ulaya na familia ya Kizungu inasukuma mtoto kwenye kigari. Huku tuna mikungu, tuna minazi, tuna mwarobaini. Mwenye nyumba akiuona mwarobaini wake pale ulipo anaanza kukuuliza maswali ya maana, choo kitapitisha wapi bomba, mizizi haitapasua?

Kuna watu wamekwambia nilikunyima ile kazi ya Pangani kwa wivu. Sikukunyima. Mwenye mradi aliniuliza huyu mdogo wako tumpe, nikasema ana kipaji kuliko mimi lakini msimpe mpaka mkae naye mzungumzie jua. Hayo ndo maneno yangu, na leo wakiniuliza nitayasema hivyohivyo. Ningefanya nini, ninyamaze wajenge vyumba vya wageni vinavyookwa mchana kutwa kisa ni ndugu yangu? Na arobaini ile sikukupa mkono kwa sababu ulikuja na simu ukawa unawaonyesha watu ileile picha, hii ndo nyumba ya marehemu, nani asingekasirika? Mama anasema nilizidisha. Mama alikuwa jikoni, hakuona.

Na ile hadi diski yenye picha za harusi ya dada yetu mrudishie, anaulizia kila siku.

Hao madogo walete Jumamosi asubuhi kama watafika Tanga, nauli ikiwa shida uniambie mapema. Nitawatembeza mtaani kwanza, kompyuta mchana. Wewe ukija nao, upite kwa mama mkubwa kabla hujafika kwangu. Nimeongea naye taratibu, safari hii kakubali bati la mbele lirefushwe, alichotaka ni aonyeshwe kwanza itakavyokuwa, Juni saa sita na Disemba saa sita, na kataka umtengenezee wewe, si mimi. Faili la nyumba unalo. Mbao nimeshalipia, bati bado, fundi anasubiri hela yako na namba yake hujaifuta.